Mechi ya Marubani Ianze Kati ya Meru na Embu

Mnamo Septemba 2021, katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama nchini Marekani, vyuo viwili vya Wamarekani weusi vilikutana uwanjani kwa mechi iliyopewa jina la Mikia Myekundu. Kimoja kilikuwa Chuo Kikuu cha Tuskegee, na cha pili kilikuwa Fort Valley State, kutoka jimbo jirani la Georgia. Mchezo wenyewe haukuwa kandanda tuijuayo sisi. Ulikuwa ule mchezo wa Wamarekani ambao mpira wake una umbo la yai, nao huchukuliwa mikononi badala ya kusukumwa kwa miguu. Mwaka uliofuata vyuo hivyo viwili vilikutana tena. Lengo la mechi lilikuwa kuwaenzi marubani weusi waliopigana katika Vita vya Pili vya Dunia, vijana waliopaka rangi nyekundu mikia ya ndege zao.

Huenda msomaji akauliza: mechi ya Alabama inamhusu nini mwalimu wa Nkubu au mwanafunzi wa Runyenjes? Nionavyo mimi, inamhusu sana. Vyuo vyetu vilivyo kando ya barabara ile itokayo Embu, ikapitia Chuka hadi Meru, vina kila sababu ya kuanzisha mechi ya namna hiyo, na vina marubani wa kukumbukwa. Kilichokosekana hadi sasa ni nia. Lakini kabla ya kulitetea pendekezo hili, yafaa tutazame kwanza historia ya hao wenzetu, kwa maana ina mafunzo ya kuigwa na mengine ya kujihadhari nayo.

Chuo cha Tuskegee kilianzishwa mwaka 1881 chini ya uongozi wa Booker T. Washington, mtu aliyezaliwa utumwani. Walimu wa Kenya wana uhusiano wa zamani na chuo hicho, ingawa wengi wameusahau. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo James Aggrey, msomi mashuhuri kutoka Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Tume hiyo iliusifu mfumo wa elimu wa Tuskegee na wa chuo mwenzake cha Hampton, na mwaka 1925 Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete kwa kufuata mfano huo. Wakoloni waliupenda mfumo huo kwa sababu ulisisitiza kazi za mikono: ukulima, useremala, uashi na usafi wa nyumbani. Waliuona kuwa ni elimu isiyomfanya Mwafrika atazame juu mno.

Basi tazama jinsi historia inavyoweza kuwageukia waliodhani wanaiongoza. Chuo kile kile kilichosifiwa kwa kumfundisha mtu mweusi kushika jembe na randa ndicho kilichoteuliwa mwaka 1941 kuwa mahali pa kuwafunza vijana weusi kurusha ndege za kivita. Wakuu wengi wa jeshi la Marekani wakati huo waliamini kwamba mtu mweusi hana akili wala ujasiri wa kuiongoza ndege vitani. Mafunzo ya Tuskegee yaliitwa jaribio, na waliotaka jaribio hilo lishindwe hawakuwa wachache. Kufikia mwaka 1946 karibu marubani elfu moja walikuwa wamehitimu. Mamia kati yao walipelekwa ng'ambo, kwanza Afrika ya Kaskazini mwaka 1943, kisha Italia, wakiongozwa na Benjamin O. Davis. Makumi ya vijana hao hawakurudi kwao.

Waliorudi walipokelewa na ubaguzi ule ule waliouacha. Aprili 1945, vita vikiwa vinaelekea ukingoni, zaidi ya maafisa mia moja weusi walikamatwa katika kambi ya Freeman Field, jimbo la Indiana, baada ya kukaidi amri iliyowatenga na klabu ya maafisa weupe. Miaka mitatu baadaye, mnamo Julai 26, 1948, Rais Harry Truman alitoa amri ya kukomesha ubaguzi katika majeshi. Hata hivyo ilichukua hadi mwaka 1995 kwa Jeshi la Anga la Marekani kuanza kuzifuta karipio zilizowekwa katika majalada ya maafisa wale wa Freeman Field, na hadi mwaka 2007 kwa Bunge la nchi hiyo kuwatunukia marubani wa Tuskegee nishani yake ya dhahabu. Mechi ya Montgomery ikaja mwaka 2021, yaani miaka themanini baada ya mafunzo kuanza. Heshima ilifika, lakini ilifika wakati wengi wa wenye kuistahili walikuwa kaburini.

Kuna funzo jingine hapo ambalo mwalimu wa historia asilipuuze. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba marubani wa Mikia Myekundu hawakupoteza hata ndege moja ya mabomu waliyokuwa wakiisindikiza. Ilikuwa hadithi tamu, na kila aliyeisimulia aliisimulia kwa nia njema. Baadaye wanahistoria wa jeshi hilo hilo walifungua kumbukumbu za vita, wakakuta kwamba zaidi ya ndege ishirini zilizokuwa chini ya ulinzi wao ziliangushwa na adui. Je, sifa yao ilipungua? La hasha. Rekodi yao ilibaki njema kuliko ya vikosi vingi vilivyofanya kazi kama yao. Kilichoondoka ni chumvi tu. Shujaa wa kweli hahitaji kuongezewa chumvi, na anayemwongezea humfanya atiliwe shaka hata katika yale aliyoyafanya kweli.

Sasa na turudi nyumbani, chini ya mlima ambao Wameru huuita Kirimaara na Waembu huuita Kirinyaga. Anga ya mlima huu ina historia yake ya ndege za kijeshi, na historia hiyo haikuanza kwa shangwe. Wazee wa Irangi, wa Chogoria na wa vijiji vingi vya ukingoni mwa msitu walizijua ndege za kivita kwa mara ya kwanza katika miaka ya Hali ya Hatari. Kuanzia mwaka 1953 Jeshi la Anga la Uingereza lilitumia ndege ndogo za Harvard, kisha ndege kubwa za Lincoln, kuangusha mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Msitu ulitangazwa kuwa eneo lililokatazwa, na aliyeonekana humo aliweza kupigwa risasi bila kuulizwa jina. Waliolengwa ni wapiganaji wa Mau Mau, wakiwamo vijana wa Meru waliokuwa chini ya Musa Mwariama na wale wa Embu waliomfuata Kubu Kubu. Kwa kizazi hicho ngurumo ya ndege ilikuwa ishara ya kulala chini.

Kwa hiyo mtu akitaka kuwaenzi marubani katika nchi hii ya mlima, ni lazima aanze kwa kukiri ukweli huo. Rubani si shujaa kwa sababu tu ameketi ndani ya ndege. Swali ni ndege hiyo ilimtumikia nani, na ilielekezwa kwa nani.

Uhuru ulibadilisha jibu la swali hilo. Jeshi la Anga la Kenya liliundwa rasmi mnamo Juni 1, 1964, mwaka mmoja kamili baada ya siku ile ya Madaraka ambayo taifa lilianza kujitawala kwa mambo yake ya ndani. Lilianza kwa ndege chache na ndogo, za Chipmunk na Beaver, likisaidiwa na Waingereza. Ni Wakenya wangapi wanaojua kwamba Sikukuu ya Madaraka ndiyo pia siku ya kuzaliwa kwa jeshi lao la anga? Na ni wangapi wa huku kwetu waliolikumbuka jambo hilo wakati sherehe za kitaifa za Madaraka zilipofanyika katika uwanja wa Kinoru mjini Meru mwaka 2018, na tena zilipofanyika mjini Embu mwaka 2023? Miji yetu miwili imepata kuwa mwenyeji wa taifa zima katika siku hiyo. Tulifagia barabara, tukapaka rangi kuta na kukarabati viwanja. Wageni walipoondoka, tulibaki na viwanja, lakini hatukubaki na desturi yoyote ya kuvitumia kwa ukumbusho.

Ukurasa unaofuata ni mgumu, na ndio uliotufunga vinywa. Alfajiri ya Agosti 1, 1982, baadhi ya wanajeshi wa Jeshi la Anga walijaribu kuipindua serikali. Waliiteka idhaa ya Sauti ya Kenya, na wakamtoa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake ili alitangazie taifa kwamba serikali imepinduliwa. Wasomaji wenye umri wangu wanamkumbuka marehemu Mbotela, aliyefariki Februari 2025, kwa kipindi chake cha uungwana na kwa jinsi alivyotangaza mpira. Sauti yake ilimfanya msikilizaji wa kijijini, mwenye redio moja na betri zilizochoka, auone uwanja mzima kwa masikio. Sauti hiyo hiyo ndiyo iliyolazimishwa asubuhi ile kusoma tangazo la waasi. Hivyo basi, katika kumbukumbu za Wakenya, mpira na marubani viliwahi kukutana mdomoni mwa mtu mmoja, na vilikutana vibaya.

Jaribio hilo lilizimwa siku hiyo hiyo, baada ya damu nyingi kumwagika. Jeshi zima la anga likavunjwa. Wasiokuwa na hatia walichanganywa na wenye hatia, wengi wakatiwa kizuizini, na baadaye viongozi wa uasi wakanyongwa. Kikosi kilichoundwa upya kikapewa jina la mwaka huo wa msiba, na hakikurudishiwa jina la Jeshi la Anga la Kenya hadi mwaka 1994. Wanafunzi wa vyuo vikuu nao waliangukiwa na kifusi hicho. Baadhi yao walikuwa wameingia barabarani kushangilia. Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungwa kwa muda mrefu, na kiongozi wa wanafunzi, Titus Adungosi, akafungwa jela, akafia humo mwaka 1988. Kwa miaka mingi baada ya hapo, kumsifu rubani hadharani lilikuwa jambo la kuangaza macho pande zote kwanza, na kumsifu mwanafunzi mwenye siasa lilikuwa hatari zaidi.

Nimeutaja msiba huo kwa makusudi. Wapo watakaosema kwamba mechi ya wanafunzi kwa heshima ya marubani itafumua kidonda kilichokwisha kupona. Nami nawauliza: kidonda kilichofunikwa bila kusafishwa kimepona lini? Wamarekani hawakuificha Freeman Field walipokuwa wakiwatukuza marubani wao. Waliiweka katika hadithi yenyewe. Sisemi kwamba kukaidi ubaguzi klabuni na kuipindua serikali kwa bunduki ni jambo moja. Tofauti zake ni kubwa na kila mwenye akili anaziona. Ninachosema ni kwamba taifa lililokomaa huweza kuuenzi utumishi wa wengi bila kuyaficha makosa ya baadhi, wala kuficha dhuluma walizotendewa wasiohusika.

Kisha kuna misiba ya karibuni, ambayo mwanafunzi wa leo aliishuhudia au aliisikia utotoni. Agosti 2012, helikopta za kijeshi za Uganda zilikuwa safarini kuelekea Somalia, ambako majeshi ya Afrika yalikuwa yakipambana na wanamgambo wa Al-Shabaab. Zilikuwa nne. Moja ilifika Garissa salama. Tatu zilianguka katika Mlima Kenya, katika ukungu na baridi ambayo wakazi wa miteremko yake wanaijua vyema. Baadhi ya waliokuwamo waliokolewa wakiwa hai baada ya msako mgumu. Wengine walifia humo humo mlimani. Walikuwa wageni wetu na majirani zetu, wakienda katika vita ambavyo askari wa Kenya pia walikuwa wakivipigana. Walifia juu ya vichwa vyetu, na sijaona hata jiwe dogo mjini Meru wala Embu lenye majina yao.

Mnamo Aprili 18, 2024, Mkuu wa Majeshi ya Kenya, Jenerali Francis Ogolla, alifariki katika ajali ya helikopta huko Elgeyo Marakwet pamoja na wanajeshi wengine tisa. Wawili walinusurika. Ogolla alikuwa rubani wa ndege za kivita, na aliwahi kuwa Kamanda wa Jeshi la Anga. Walimu wasilisahau jambo moja kuhusu safari yake ya mwisho. Helikopta ile ilianguka muda mfupi baada ya kupaa kutoka shule ya upili ya wavulana ya Cheptulel, Pokot Magharibi. Jenerali alikuwa katika ziara ya kukagua, miongoni mwa mambo mengine, ukarabati wa shule zilizofungwa kwa sababu ya ujangili wa wezi wa mifugo, kazi iliyokuwa ikifanywa na wanajeshi. Rubani huyo alitoka shuleni akaingia katika mauti. Kama kuna askari ambaye walimu na wanafunzi wa Kenya wana deni naye, ni huyo na wenzake tisa.

Mtu ataniambia: tuna sanamu na tuna Siku ya Mashujaa, hayo hayatoshi? Tazama sanamu ya askari watatu iliyoko Barabara ya Kenyatta jijini Nairobi. Iliwekwa kwa ajili ya Waafrika walioshiriki Vita vya Kwanza vya Dunia: askari wa Keya na wale wapagazi ambao jina la kikosi chao lilibaki midomoni mwetu kama Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Maandishi yake, yakiwamo ya Kiswahili, yanaahidi kwamba aliyeipigania nchi yake atakumbukwa kwa jina na wanawe. Zunguka sanamu hiyo ulitafute jina hata moja la Mwafrika aliyekufa. Hulioni. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba Waafrika na Waasia wasiopungua laki moja na elfu kumi na sita, na huenda zaidi sana, waliokufa katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Hilo ni jema, lakini radhi haiwezi kuandika jina ambalo hakuna aliyelihifadhi.

Jiwe hunyamaza. Likishazinduliwa, mzinduzi huenda zake, na baada ya miaka miwili wapita njia huliegemea wakingoja matatu. Mechi ya kila mwaka ni kitu cha aina nyingine, kwa sababu ni lazima irudiwe na watu walio hai. Kila mwaka ni lazima nahodha mpya achaguliwe, wimbo mpya utungwe, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza amuulize wa mwaka wa tatu: kwa nini tunacheza siku hii? Swali hilo likiulizwa na kujibiwa mwaka hadi mwaka, ukumbusho umeota mizizi.

Hapa naomba ruhusa ya kuzungumza kwa taaluma yangu ya isimu. Neno *rubani* tulilipata kutoka Kiarabu, na mwanzoni lilikuwa la baharini: rubani ndiye aliyekijulisha chombo njia, akizijua kina, miamba na pepo. Ndege ilipokuja, Waswahili hawakuhangaika kutafuta neno geni. Walimtwaa rubani wa baharini wakampandisha angani. Neno *nahodha* nalo lina asili ya Kiajemi, na pia ni la baharini. Mpira ulipokuja, nahodha alishuka chomboni akavaa kitambaa mkononi, akawa kiongozi wa timu. Kwa hiyo katika lugha yetu rubani wa ndege na nahodha wa timu ni mabaharia wawili wa jahazi moja la kale. Lugha ilikwisha waunganisha kabla ya chuo chochote kufikiri kufanya hivyo.

Kuna na upande wa pili. Sikiliza jinsi tunavyotangaza mpira: kuna ngome, safu ya ulinzi, mashambulizi, na mchezaji *huachia kombora*. Tumeupa mchezo msamiati wa vita hata hatuusikii tena. Mtoto anayesema kombora akimaanisha mkwaju mkali hajui kwamba babu yake wa Irangi aliyasikia makombora ya kweli yakipasua msitu. Mechi ninayoipendekeza itayarudishia maneno hayo uzito wake kwa saa chache kila mwaka, ili mwanafunzi ajue ni nini hasa anachokisema.

Na pendekezo lenyewe ni hili. Chuo Kikuu cha Embu na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru vikubaliane kucheza mechi moja ya kandanda kila mwaka, ya wanaume na ya wanawake, katika juma la Madaraka. Mwaka mmoja ichezwe Kinoru, mwaka unaofuata ichezwe Embu. Chuo Kikuu cha Chuka, kilicho katikati ya barabara, kitoe waamuzi na kuandaa mjadala wa hadhara siku moja kabla ya mechi. Iitwe kwa Kiswahili, *Mechi ya Marubani*, wala isipewe jina la kampuni ya simu au la mwanasiasa. Wakati wa mapumziko, pahala pa hotuba za wakubwa, majina ya marubani na wanajeshi wa anga waliokufa kazini yasomwe polepole na wanafunzi, yakiwamo ya wale wa Uganda waliofia mlimani. Shule za upili za Meru, Tharaka Nithi na Embu zilete ngonjera na mashairi, kwa maana vipaji hivyo tunavyo. Tunaviona kila mwaka katika tamasha za muziki na drama.

Walimu wa historia wana kazi iliyo kubwa kuliko ya wachezaji. Kabla ya mechi, wanafunzi watumwe kwa wazee wakaandike waliyoyaona: nani alijificha mabomu yakianguka, nani alitumikia jeshi la anga kabla ya 1982 na nini kilimpata baadaye, nani alipanda mlimani mwaka 2012 kuwatafuta majeruhi. Wazee hao wanapungua kila msimu wa mvua. Masimulizi yao yalinganishwe na kumbukumbu zilizoandikwa, ili tusije tukaziongezea hadithi zetu chumvi kama ile ya Mikia Myekundu.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Wapo watakaosema kwamba vyuo havina fedha. Mechi moja ya wanafunzi walio mwendo wa saa chache haigharimu zaidi ya makongamano tunayoyaandaa kwenye mahoteli. Wengine watahofia kwamba jeshi litaitumia siku hiyo kujisifu na kuwavuta vijana. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo sababu mechi iwe mali ya wanafunzi na waalimu wao. Jeshi lialikwe kama mgeni wa heshima. Akitokea mzazi wa rubani aliyefariki, yeye ndiye aketi kiti cha mbele.

Jambo la mwisho ni la wakati. Marubani wa Tuskegee walingoja miaka themanini kupata mechi yao, na walikuwa raia wa taifa tajiri kupita yote duniani. Wake na watoto wa wanajeshi waliokufa Aprili 2024 bado wako hai. Waliozitafuta helikopta mlimani mwaka 2012 bado wana nguvu za kupanda ngazi za jukwaa na kutusimulia. Wanafunzi wanaosoma makala haya wana miguu, wana viwanja viwili, na wana barabara ya lami inayoviunganisha. Viongozi wao wa michezo na waandikiane barua kabla ya muhula huu kwisha, wakubaliane tarehe, kisha watuite tuje kushangilia na kusikiliza majina.